Milango ya Maji ya Ubongo na Ugonjwa wa Parkinson: Namna ya Kufundisha Jambo Lisiloonekana

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya kijijini isiyo mbali na stesheni ya Gulwe, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha habari za ubongo na neva. Somo lilikwenda vizuri. Picha ya ubongo ilichorwa ubaoni kwa unadhifu, majina ya sehemu zake yakaandikwa, na wanafunzi wakayanakili. Kipindi kilipokaribia kwisha, mtoto mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona mkono wa babu yangu unatetemeka hata akiwa ameketi tu? Watu wanasema amelogwa." Darasa likacheka, na watoto wawili watatu wakaanza kuuiga mtetemo huo kwa mikono yao. Mwanachuo alifadhaika. Alijibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari, kisha akafuta ubao.

Hatuandiki haya kwa nia ya kumlaumu. Alipotuuliza baada ya kipindi ni jibu gani lililompasa kulitoa, sisi wenyewe hatukuwa na jibu la maana. Tulisema maneno machache juu ya uzee, tukaagana. Lakini mtoto yule alikwenda nyumbani akiwa na jambo moja tu alilojifunza siku ile, nalo ni kwamba ugonjwa wa babu yake ni kitu cha kuchekwa, na kwamba shule haina neno la kusema juu yake.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi yale ambayo sayansi inayajua leo juu ya ugonjwa wa Parkinson na juu ya milango midogo ya maji iliyomo ndani ya ubongo, ambayo huenda ikawa na sehemu katika ugonjwa huo. Pili, tutaonyesha namna ya kulifundisha jambo hili lisiloonekana kwa macho kwa kutumia vitu vilivyopo mkononi, na hasa namna ya kujilinda na mfano unaopendeza lakini unaopotosha. Kosa la namna hiyo tulilifanya wenyewe, nasi tutalisimulia.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1817 tabibu Mwingereza, James Parkinson, alichapisha mjini London kijitabu kilichoeleza hali ya wagonjwa sita waliokuwa wakitetemeka mikono, wakitembea kwa kuinama, na nguvu za misuli yao zikipungua. Ugonjwa huo baadaye ulipewa jina lake. Aghalabu huwapata watu waliopita umri wa miaka 60, ingawa wako wachache wanaoupata mapema zaidi.

Mwalimu anapaswa kuzijua dalili zake kuu. Mkono hutetemeka hasa unapokuwa umepumzika, na mara nyingi huanza upande mmoja. Misuli hukakamaa. Mwendo huwa wa polepole, hatua hufupika, na mgonjwa hupata taabu ya kuanza kutembea au kugeuka. Uso huwa kama hauna furaha wala huzuni, sauti hufifia, na mwandiko hupungua ukubwa. Wako wanaopoteza uwezo wa kunusa, au wanaopiga mateke na kelele usingizini, miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Yafaa ikumbukwe pia kwamba si kila mtetemo ni Parkinson. Kuna mitetemo yenye asili nyingine, na kuipambanua ni kazi ya mganga wa hospitali.

Chanzo cha dalili za mwendo kinajulikana. Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo dogo lenye rangi nyeusi, ambalo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayoliwezesha agizo la mwendo lipite sawasawa. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo, na dalili zinapoonekana wazi huwa sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea. Mwaka 1912 mtaalamu aitwaye Fritz Lewy alieleza vidonge vidogo alivyoviona ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Mwaka 1997 ikabainika kwamba vidonge hivyo vimejaa protini moja, alfa-sinukleini. Protini hii huwamo katika ubongo wa kila mtu, wala si sumu kwa asili yake. Taabu huanza inapokunjamana vibaya, ikashikamana, na kuwa mabonge ambayo seli haiwezi kuyaondoa.

Je, ugonjwa huu uko kwetu? Uko. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Katika jumla ya watu 161,071 waliwapata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaugua Parkinson, na kwa hiyo hawakuwa wamepata dawa yake. Hatudai kwamba hesabu ya Hai ndiyo hesabu ya Gulwe. Lakini tunajifunza hapo kwamba ugonjwa waweza kukaa kijijini miaka mingi bila jina, na penye ugonjwa usio na jina, majirani huutafutia jina wao wenyewe.

Milango ya maji

Zaidi ya sehemu saba katika kumi za ubongo ni maji. Ubongo huelea ndani ya maji safi, yale yanayozunguka pia uti wa mgongo. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita ya maji hayo kwa siku, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja hayazidi sana kikombe kidogo cha chai. Hii ina maana kwamba maji hayo hubadilishwa mara kadhaa katika siku moja: mapya hutengenezwa, ya zamani huondoka.

Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza ni vipi maji hupenya utando wa seli kwa haraka, hali utando wenyewe umefanyizwa kwa mafuta. Jibu lilipatikana mwaka 1992. Mmarekani Peter Agre na wenzake, waliokuwa wakichunguza chembe nyekundu za damu, walionyesha kwamba protini moja waliyoikuta katika utando wa chembe hizo ni tundu linalopitisha maji. Protini za namna hiyo huitwa akwaporini. Tundu lake ni jembamba mno hata chembe za maji hulazimika kupita moja moja kwa mstari, mfano wa wanafunzi wanaoingia darasani. Hata hivyo chembe kiasi cha bilioni 3 hupita katika tundu moja kwa sekunde moja. Kwa kazi hiyo Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, pamoja na mtaalamu mwingine, Roderick MacKinnon, aliyechunguza njia za chumvichumvi katika utando wa seli.

Katika ubongo, akwaporini iliyo nyingi kuliko zote ni ile ya namba 4. Haimo katika seli zinazopeleka habari, bali katika seli zinazozitunza, ambazo huitwa astrosaiti kwa sababu umbo lake lafanana na nyota. Astrosaiti hunyosha miguu yake na kuizungushia mishipa ya damu, na penye nyayo za miguu hiyo ndipo akwaporini-4 zilipopangwa kwa wingi.

Katika makala haya tumechagua kuziita milango ya maji. Wako wanaoziita mifereji, wala hawakosei. Lakini tumeona kwamba mtoto asikiapo mfereji huwaza mtaro mrefu wa shambani, hali akwaporini ni tundu fupi katika ukuta. Neno la kwanza analolitumia mwalimu ndilo picha ya kwanza inayokaa kichwani mwa mwanafunzi, na picha hiyo haifutiki kwa urahisi kama ubao.

Uhusiano wa milango hiyo na ugonjwa

Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Marekani, lililoongozwa na Maiken Nedergaard, lilionyesha katika panya kwamba maji ya ubongo huingia ndani kwa kufuata kando ya mishipa inayoleta damu, hupita katika nafasi nyembamba zilizo baina ya seli, na kutoka yakiwa yamebeba uchafu. Katika panya waliozaliwa bila akwaporini-4, usafishaji huo ulipungua sana. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo likatoa habari kwamba nafasi baina ya seli hutanuka panya anapolala, na usafishaji huongezeka.

Baada ya hapo likazuka swali: kama ubongo husafishwa kwa maji, je, alfa-sinukleini nayo husafishwa kwa njia hiyo? Mwaka 2021 ilichapishwa habari ya majaribio ambamo panya waliopunguziwa akwaporini-4 walipata mabonge mengi zaidi ya alfa-sinukleini, na seli zao za dopamini zikaathirika zaidi, kuliko wenzao wenye milango kamili. Hapo ndipo ilipo hoja yote: huenda milango ya maji ikipungua, au ikihama kutoka mahali pake, protini iliyoharibika hukosa njia ya kuondoka, ikabaki na kuongezeka.

Tumesema "huenda", na neno hilo mwalimu asilidondoshe njiani. Kuna sababu tatu. Kwanza, panya si binadamu. Pili, si rahisi kujua lililotangulia: pengine milango huharibika na kuuleta ugonjwa, na pengine ugonjwa ndio unaoiharibu milango. Tatu, wataalamu wenyewe wangali wakibishana. Mwaka 2024 watafiti wa London walitoa matokeo ya majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba usafishaji hupungua wakati wa usingizi badala ya kuongezeka, na mabishano hayo hayajakwisha. Tena, si kweli kwamba kadiri milango inavyozidi kuwa wazi ndivyo ubongo unavyozidi kufaidika. Katika panya waliozibiwa mshipa wa damu wa ubongo, wale wasio na akwaporini-4 walivimba ubongo kidogo kuliko wengine, kwa sababu maji yalikosa mlango wa kuingilia kwa kasi. Mlango unaofaa siku ya usafi waweza kudhuru siku ya gharika.

Mfano kutoka Gulwe

Mwalimu mwenye busara huanzia pale mwanafunzi anapopajua. Mtoto wa Gulwe anaijua reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto. Mtoto wa huku anaujua pia mto Kinyasungwe, ambao wakati wa kiangazi ni njia pana ya mchanga ambamo watu huchimba visima kutafuta maji, na wakati wa masika huweza kujaa kwa saa chache. Anayajua makalavati yaliyo chini ya tuta la reli, kwa kuwa amekwisha kujibanza humo kukwepa jua au mvua.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko makubwa yaliiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni katika sehemu hiyo zikasimama kwa miezi. Wazee wa huku huweza kuwasimulia watoto habari hiyo wenyewe, nasi twashauri waalikwe darasani kufanya hivyo. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba mto wa huku hauleti maji matupu, bali huleta mchanga. Mchanga ukitua kwenye kitanda cha mto, kina hupungua. Ukitua kwenye kalavati, njia huziba. Mvua itakayofuata, hata kama si kubwa kuliko ya jana, itapata njia finyu kuliko ya jana. Kwa hiyo, uharibifu unaoonekana kwa siku moja huwa umeandaliwa kwa miaka mingi.

Hivyo ndivyo ilivyo katika Parkinson. Mkono wa mzee ulianza kutetemeka mwaka fulani, na watu wanaukumbuka mwaka huo, wanamkumbuka na mtu aliyegombana naye mwaka huo. Lakini seli zake zilianza kufa zamani, kimyakimya, kabla ya ugomvi wowote. Tumeona kwamba watoto huelewa hoja hii upesi, na kwamba inapunguza nguvu ya maneno ya uchawi kuliko mahubiri mengi.

Kosa tulilolifanya

Tulipolifundisha somo hili kwa mara ya kwanza, tulitumia chupa mbili za plastiki zilizojazwa mchanga wa mtoni uliotiwa rangi. Tulitoboa matundu kumi katika kitako cha chupa moja, na tundu moja katika kitako cha nyingine. Tulimwaga maji juu, na rangi ikatoka chini: kwa wingi katika ya kwanza, kwa shida katika ya pili. Watoto walipiga makofi. Tukasema: "Matundu haya ndiyo milango ya maji ya ubongo." Tukaridhika.

Wiki iliyofuata tuliwapa zoezi. Karibu darasa zima waliandika kwamba takataka za ubongo hutoka kwa kupita katika akwaporini. Hilo si kweli hata kidogo. Akwaporini hupitisha maji tu. Ni nyembamba mno kwa protini yoyote. Uchafu hupita katika nafasi zilizo baina ya seli, ukichukuliwa na maji ambayo milango imeyasaidia kuingia. Watoto hawakukosea; walisoma sawasawa kile tulichowaonyesha. Chupa yetu ndiyo iliyosema uongo.

Likatokea na jambo zito zaidi. Mtoto mmoja alikuwa amemhimiza bibi yake anayetetemeka anywe maji mengi kila siku ili ubongo uoshwe. Bibi alikubali kwa upendo wa mjukuu, na kwa bahati njema hakudhurika. Lakini tulitambua kwamba mfano unaofundishwa darasani hauishii darasani. Unatoka mlangoni pamoja na mtoto, unafika nyumbani, na huko unageuka kuwa dawa.

Kwa hiyo tulibadili zana. Katika mpango unaofuata matundu yapo juu, mahali ambapo maji safi huingia, na njia ya kutokea ni nyingine kabisa.

Mpango wa somo

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, katika vipindi viwili.

Lengo: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza kwamba Parkinson ni ugonjwa wa seli za ubongo, (b) kueleza kazi ya milango ya maji, (c) kutaja angalau jambo moja ambalo mfano wa chupa hauonyeshi, (d) kuonyesha kwa vitendo adabu kwa mtu anayetetemeka.

Zana: Chupa mbili kubwa za plastiki na mbili ndogo zenye vifuniko, mchanga wa mtoni uliooshwa, vipande viwili vya kitambaa, kamba, msumari mwembamba, maji safi, maji ya rosela yaliyokolea au wino, na bilauri mbili zinazoonya. Hakuna kitu hapa kinachohitaji kununuliwa mjini.

Maandalio: Kata vitako vya chupa zote nne. Zigeuze chupa kubwa midomo ikae chini, funga kila mdomo kwa kitambaa, kisha tia mchanga wa kiasi kilicho sawa. Lowesha mchanga wa kila chupa kwa maji ya rosela yaliyopimwa sawa. Toboa matundu kumi katika kifuniko cha chupa ndogo ya kwanza, na tundu moja katika kifuniko cha ya pili. Chupa ndogo zitaning'inizwa juu ya zile kubwa, vifuniko vikielekea chini.

Hatua ya kwanza: Wanafunzi wasimulie mafuriko na makalavati ya reli. Mwalimu aandike ubaoni maneno mawili tu: njia na mchanga.

Hatua ya pili: Mwalimu aeleze kwamba mchanga ni mfano wa seli za ubongo, nafasi kati ya punje ni nafasi kati ya seli, rangi ni protini iliyoharibika, na matundu ya kifuniko ni akwaporini. Asiseme lolote juu ya litakalotokea. Wanafunzi wabashiri na kuandika ubashiri wao.

Hatua ya tatu: Maji yenye kipimo kimoja yamiminwe kwa wakati mmoja katika chupa ndogo zote mbili. Baada ya dakika tano, wanafunzi walinganishe bilauri: ni ipi yenye maji mengi, na ni ipi iliyotoa rangi nyingi zaidi? Waone kwa macho yao kwamba maji yaliyopita katika matundu yalikuwa safi, na kwamba rangi haikupita katika matundu hayo kamwe.

Hatua ya nne: Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kengele ikikaribia. Mwalimu aulize: "Chupa hii inatudanganya wapi?" Awaachie wanafunzi muda wa kufikiri. Majibu yanayotakiwa ni haya. Mchanga haufi, seli hufa. Rangi huyeyuka katika maji, lakini mabonge ya alfa-sinukleini hayayeyuki. Ni kama udongo wa mfinyanzi uliokauka ndani ya kalavati, ambao maji safi ya kesho hayautoi. Tena, mabonge mengi yamo ndani ya seli zenyewe, mahali ambapo mkondo wa maji haufiki; kinachoweza kuoshwa ni ile sehemu iliyotoka nje ya seli. Mwisho, chupa inaonyesha kwa hakika jambo ambalo kwa binadamu bado linachunguzwa.

Hatua ya tano: Mazoezi ya adabu. Wanafunzi wawili wawili waigize mmoja akiwa mzee anayetembea polepole na mwingine akimwamkia, akimngoja amalize sentensi yake, akimpokea mzigo bila kumharakisha. Mwalimu asiruhusu mtetemo uigwe. Ugonjwa hauchezwi, kinachochezwa ni adabu.

Tathmini: Wanafunzi wachore chupa, kisha waandike sentensi mbili: ya kwanza ianze kwa maneno "Chupa inatufundisha kwamba", na ya pili ianze kwa maneno "Chupa haituonyeshi kwamba". Mwanafunzi aliyeweza kuandika sentensi ya pili ameelewa zaidi ya yule aliyeandika ya kwanza peke yake.

Maswali magumu na majibu yake

Mwanachuo ajiandae kwa maswali haya, maana yatakuja.

"Je, amelogwa, au ni mlevi?" Jibu liwe fupi na la upole: Kuna ugonjwa wa ubongo unaojulikana, wenye jina, uliochunguzwa kwa zaidi ya miaka 200, na mmoja wa ishara zake ni mtetemo kama huu. Mwalimu asiwatukane wazazi walioamini vingine. Wala asimpe babu wa mtoto jina la ugonjwa akiwa darasani, kwa kuwa yeye si mganga na hajamwona.

"Je, unaambukiza?" Hapana. Mtoto aweza kula sahani moja na babu yake na kulala nyumba moja naye.

"Je, unapona?" Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Lakini tangu miaka ya 1960 iko dawa iitwayo levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ya mwendo. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo neno la mwalimu kwa mzazi ni kumshauri ampeleke mzee hospitali ya wilaya, Mpwapwa, ambako ataelekezwa mbele zaidi ikihitajika.

"Je, upupu ni dawa yake?" Watoto wote wanaujua upupu kwa muwasho wake; wachache wanajua kwamba mbegu zake zina levodopa. Ni kweli, na umejaribiwa kwa wagonjwa huko Bolivia, chini ya uangalizi wa waganga, habari yake ikachapishwa mwaka 2017. Lakini kipimo cha mbegu moja si cha nyingine, nazo huweza kuleta kichefuchefu, kushuka kwa nguvu za damu na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo asiwepo wa kuzichuma kwa ajili ya babu.

"Je, kunywa maji mengi au kulala sana kutaifungua milango?" Hapana, hakuna aliyethibitisha hivyo. Maji na usingizi ni vitu vyema kwa kila mtu, lakini si tiba ya Parkinson.

Hitimisho

Mwanachuo aweza kuuliza: Kwa nini tuhangaike na matundu ya seli, hali inatosha kumwambia mtoto asimcheke mzee? Nasi tulijiuliza hivyo. Jibu letu ni kwamba katazo lisilo na sababu hudumu muda ule tu mwalimu anapokuwa karibu. Mtoto aliyeona kwa macho yake namna njia ndogo ikiziba kitu kikubwa kinavyoharibika polepole, hamtazami tena mzee kama zamani. Amepata sababu.

Lakini tumejifunza pia kwamba sababu hiyo isitolewe kwa ukamilifu usio nao. Mwalimu anayesema "haya yanajulikana, na haya bado yanachunguzwa" hapungukiwi na heshima mbele ya darasa lake. Tulirudi katika shule ile baada ya majuma machache, tukiwa na mwanachuo yule yule, akalifundisha somo hili kwa chupa zilizorekebishwa. Alipofika hatua ya nne, mtoto aliyeuliza habari za babu yake alisimama akasema: "Chupa haituonyeshi kwamba babu alikuwa fundi wa kushona." Hakuna aliyecheka. Sentensi hiyo haikuwa katika maandalio yetu, nasi tumeiongeza.

Maswali ya kujadiliana vyuoni

1. Chagua mfano mmoja unaotumiwa mara kwa mara kufundisha mzunguko wa damu au usagaji wa chakula. Mfano huo unadanganya wapi, na utamwambiaje mwanafunzi?

2. Tunga hatua ya kwanza ya somo hili kwa shule iliyo mbali na reli na mto, ukitumia mazingira ya kwenu.

3. Mzazi amekujia akisema kwamba umemfundisha mwanawe kuyapinga maneno ya wazee. Utamjibu nini bila kumvunjia heshima na bila kuificha kweli?